Mpagazi Asiye na Mzigo

Nyirakamana, akisimulia habari za mumewe, huanza na utosi. Anasema Nsanzimana alipomwoa kule Kibumba, mwaka wa arobaini na sita, alikuwa na nywele nyingi kiasi kwamba kofia haikumkaa. Miaka tisa baadaye, walipokuwa wamehamia Goma na kupanga chumba mtaa wa Birere, katikati ya kichwa chake palikuwa na duara la upara lenye upana wa kisahani cha chai. Hapo ndipo masanduku ya watu yalipokaa.

Alikuwa mpagazi wa mlimani. Mzungu mmoja aliyeitwa Delcourt alikuwa na kazi ya kuwapandisha wageni volkano ya Nyiragongo: wakubwa wa serikali kutoka Bukavu, wenye mashamba ya kahawa, wakati mwingine watu waliotoka Ulaya moja kwa moja. Gari liliwafikisha Kibati, chini ya mlima, na kutoka hapo ilikuwa miguu. Wageni walitangulia na fimbo zao. Nyuma yao wapagazi kumi au kumi na wawili walipanda na mahema, mablanketi, vyungu, viti vya kukunja, na mara moja gramafoni. Walipita msituni, wakaingia kwenye mawe meusi ya volkano yanayokata soli, wakaendelea hadi kwenye baridi, mpaka vibanda vya bati vilivyo chini kidogo ya kilele. Kutoka vibandani hadi ukingo wa shimo, pale mtu anapoona moto wenyewe, ilibaki nusu saa.

Nusu saa hiyo Nsanzimana hakuwahi kuitembea. Alikuwa amefika vibandani mara ishirini na tatu.

Sheria ya Delcourt ilikuwa fupi: wapagazi wanabaki na mizigo. Hilo peke yake asingelijali sana. Kilichomuumiza ni maneno ambayo Delcourt aliwaambia wageni kila safari, mahali palepale, akiwa amewapa wapagazi mgongo. Alisema kwa Kifaransa kwamba hawa hawapandi zaidi ya hapa, wanaogopa, wanaamini roho za wafu wao wabaya zinaungua humo ndani. Wageni walitabasamu. Mmoja aliwahi kumpiga Nsanzimana begani kwa huruma, kama anavyopigwa ng'ombe anayekataa kuvuka mto.

Delcourt hakujua kwamba Nsanzimana alikuwa amefanya kazi miaka minne katika jiko la mapadri, na Kifaransa alikielewa vizuri. Naye Nsanzimana hakusema. Tena maneno yale hayakuwa uongo mtupu: mama yake mzazi aliamini hivyohivyo, alikuwa akigeuza uso mlima ukiwaka mwekundu usiku. Nsanzimana mwenyewe hakujua aamini nini. Ila alijua jambo moja, kwamba hakuna aliyewahi kumuuliza kama anaogopa.

Pale Birere watu walipomwuliza, "Weye unapandaka kila juma, ndani ya mulima kuko nini?" alijibu kwamba kuna moshi. Moshi aliuona hata kutoka mlangoni kwake.

Mwezi wa saba, mwaka wa hamsini na tano, kamio, lori la sinema ya serikali, ilifika Goma. Walitandika shuka kubwa jeupe kati ya nguzo mbili uwanjani, wakawasha mashine iliyopiga kelele kuliko picha zenyewe, na mtu mwenye kipaza sauti, aliyevaa suruali iliyopigwa pasi vizuri, akasimama pembeni kutafsiri. Goma nzima ya watu weusi ilikuwa pale, wamekaa chini. Nsanzimana na mkewe walipata nafasi mbele, karibu na nguzo ya kushoto.

Kwanza walionyeshwa mbu na namna ya kuchimba choo. Hiyo walishaiona mwaka uliopita, watu wakapiga gumzo. Ndipo msemaji akatangaza kwamba leo serikali imeleta picha mpya, za watu wanaokwenda porini na milimani kujipima nguvu. Nyirakamana anakumbuka alicheka. Mtu aende porini kujipima nguvu? Nguvu zake zilipimwa na jembe kila asubuhi.

Lakini picha zilipoanza, uwanja ulinyamaza. Wanaume wawili waliteremka mto wenye mawe ndani ya mtumbwi mwembamba, maji yakawameza, wakatokea tena, na watu wote wakapiga kelele kana kwamba wao ndio waliolowa. Kisha mwanamke mmoja mwenye suruali akateremka mlima mweupe akiwa amesimama juu ya mbao mbili ndefu. Wanawake wa Goma walimshangilia kuliko wanaume. Mama mmoja nyuma alisimama akaigiza magoti yake, watu wakacheka sana.

Picha ya mwisho ilikuwa ya mlima. Mlima mrefu wa barafu, katika nchi ambayo msemaji alishindwa kutamka jina lake. Wazungu watatu walikuwa wanaupanda, na chini yao ulionekana mstari mrefu wa wapagazi. Watu wa nchi ile walibeba kwa mkanda uliopita kwenye paji la uso.

"Angalia!" mtu akapaza sauti. "Banaume banabeba kama bamama ba huku!"

Kila mtu akacheka, isipokuwa Nsanzimana. Alikuwa anatazama miguu. Alitazama namna walivyokanyaga, kisigino kwanza, goti limekunjwa kidogo, namna wanavyotua mzigo kwenye jiwe bila kuinama. Alikuwa anaitazama kazi yake mwenyewe, inafanywa na watu ambao hatawajua kamwe.

Mstari wa wapagazi ukapungua. Wengine walibaki kwenye mahema. Alijua kinachofuata, alikuwa amekiona mara ishirini na tatu. Lakini kilichofuata hakikuwa kile. Juu kabisa, kwenye ukingo mwembamba, wakaonekana watu wamefungana kwa kamba moja, na walikuwa wanne. Wa nne alikuwa mtu wa nchi ile, mfupi, mwenye kofia ya sufu iliyotoboka. Hakubeba kitu chochote. Walipofika kileleni alikaa kwenye theluji, akavua kofia, akatazama huku na huku taratibu, hana haraka, kama mtu anayekagua shamba lake.

Msemaji akataja majina ya Wazungu watatu, mmoja baada ya mwingine, na vyeo vyao.

Nsanzimana akasimama. "Na wa ine?"

"Kaa chini, papa, batu baone!" wakamwambia walio nyuma.

"Wa ine, jina lake nani?"

Msemaji alikasirika kukatizwa. Akasema kwenye kipaza sauti, uwanja wote ukasikia, "Ule ni mupagazi tu."

"Mupagazi gani hana muzigo?"

Watu wakacheka, msemaji naye akacheka, na picha ikaisha. Lakini Nsanzimana hakuwa akitania. Alibaki amesimama mpaka shuka likashushwa na kukunjwa, na Nyirakamana akalazimika kumvuta mkono.

Nyumbani akakaa kitandani na viatu vyake.

"Papa Victoire," mkewe akamwambia, "ile ilikuwa sinema."

"Ule mutu hakuwa sinema. Alikuwa na kofia yenye matundu."

"Sasa?"

"Mama Victoire, mi nitapanda mpaka juu."

"Unataka kuona nini kule?"

"Sijui. Ndiyo maana nataka kuona."

Nyirakamana alimtajia mambo yote ambayo mke mwenye akili hutaja: kazi, chumba, binti yao Victoire aliyekuwa ameanza shule kwa masista. Kisha akamtajia mama yake na roho zinazoungua. Nsanzimana alisikiliza yote. Mwisho akasema kwamba kama roho ziko mle, basi zimemwona akifika mlangoni mara ishirini na tatu na kurudi, nazo pia lazima zinamcheka.

Majuma mawili baadaye ilitokea safari. Wageni walikuwa watatu: daktari kutoka Bukavu, mkewe, na kaka wa mke. Wapagazi walikuwa tisa, na juu yao msimamizi wao, kapita Anastase, mtu mwema mwenye watoto saba, ambaye alimwogopa Delcourt kuliko mlima. Nsanzimana alipewa sanduku la vyombo vya jikoni, zito kuliko yote. Njia nzima alikuwa mtulivu. Paulin, rafiki yake aliyemfuata nyuma, alisema baadaye kwamba alimsikia akihesabu hatua zake chini kwa chini, jambo ambalo hakuwahi kulifanya.

Walifika vibandani saa tisa, anga likiwa wazi, jambo la nadra. Wakatua mizigo. Delcourt akageuka kwa wageni, akatoa maneno yake yaleyale ya siku zote, kisha akawaongoza kupanda.

Nsanzimana akavua ngata kichwani, akaiweka juu ya sanduku, akawafuata.

"Nsanzimana!" Anastase akaita kwa sauti ya chini. "Rudia! Unafanya nini?"

"Napanda."

"Mutu wangu, usituharibie kazi."

Delcourt alisikia mawe yakivingirika nyuma yake. Akageuka. Walikuwa wamefika pale mteremko unapokuwa mkali na mtu analazimika kutumia mikono, na Nsanzimana alikuwa chini yake kama hatua kumi.

"Unakwenda wapi?" akauliza kwa Kiswahili chake cha amri.

"Juu, Bwana."

"Na mizigo nani anachunga?"

"Mizigo haina miguu, Bwana."

Delcourt alimtazama kana kwamba kiti cha kukunja kimezungumza. Akamwambia polepole kwamba akipanda hatua moja zaidi, kazi imekwisha, leo na siku zote, na ataandikiwa hivyo kwenye kitabu chake cha kazi ili asipate nyingine Goma nzima.

Nyirakamana anasema hapo ndipo mumewe alipoogopa kweli. Kabla ya hapo alikuwa anatembea tu. Sasa aliona chumba cha Birere, aliona sare ya Victoire. Lakini alipoutazama uso wa Delcourt aliona hana hasira. Alikuwa anangoja tu, ana hakika kabisa Nsanzimana atarudi. Hakika ile ndiyo iliyomsukuma.

Akapanda hatua moja. Kisha nyingine. Akampita Delcourt kwa upande wa kushoto, akampita daktari, na kwa kuwa hakuwa na kitu kichwani na mapafu yake yalikuwa ya kazi, aliwatangulia wote kufika ukingoni.

Alichokiona huko alikieleza mara nyingi maishani, na kila mara tofauti kidogo. Ardhi iliishia hapo, ukuta ukashuka wima. Chini sana, chini kuliko alivyodhani dunia inaweza kwenda, kulikuwa na ziwa la moto lenye utando mweusi. Utando ulikuwa ukipasuka mistari mistari, mistari ikiwaka, ikitembea, ikimezana. Mngurumo wake ulikuwa wa lori linalopanda kilima bila kufika. Harufu ya kiberiti ilimwuma kooni. Alitafuta roho. Alizitafuta kwa bidii, kwa ajili ya mama yake. Hakuziona, wala hakuona chochote kilichofanana na adhabu. Aliona kitu kikubwa kinachofanya kazi yake chenyewe, kisichomhitaji mtu yeyote, mweusi wala mweupe.

Akakaa juu ya jiwe. Alishangaa kugundua analia.

Wageni wakafika wakihema. Mke wa daktari akamtazama mpagazi aliyekaa, akamwuliza Delcourt kwa Kifaransa, "Si umesema wanaogopa?"

Delcourt akaanza kujibu, lakini Nsanzimana alimtangulia, kwa Kifaransa cha jikoni la mapadri, kizito lakini kisicho na kosa: "Hapana, Mama. Tulikatazwa."

Kaka wa mke akageuza uso akatazama moto. Daktari akakohoa. Mama yule peke yake aliendelea kumtazama Nsanzimana, na uso wake ukawa mwekundu. Nyuma yao mawe yakavingirika tena: Paulin alikuwa anapanda, na nyuma ya Paulin wawili wengine. Anastase alibaki chini, ameketi juu ya sanduku la vyombo, amejishika kichwa.

Delcourt alitimiza neno lake. Kwenye kitabu cha kazi cha Nsanzimana aliandika kwamba mtu huyu ni mkaidi na hafai. Paulin na wale wawili waliachishwa pia. Nsanzimana alizunguka Goma miezi miwili: bandarini, kwenye maghala ya kahawa, kwa wajenzi. Kila mahali walifungua kitabu, wakasoma, wakakifunga. Mwezi wa kumi familia ikakiacha chumba cha Birere, ikarudi Kibumba kwa ndugu za Nyirakamana, kulima viazi.

Usidhani Nyirakamana alifurahi. Alimnunia mumewe majuma mengi. "Nilikuwa namwambia, umeona moto wako, sasa tukule huo moto," anasimulia. Lakini jambo moja lilimsumbua. Majirani wa Kibumba walikuwa wanakuja jioni kumsikiliza Nsanzimana akieleza ule moto, na kila alipoueleza, yeye mkewe alikuwa wa kwanza kukaa na wa mwisho kuondoka. Siku moja, wakiwa shambani, akaweka jembe chini akasema, "Na mimi nikaone."

Walikwenda Jumapili moja ya mwezi wa pili, mwaka wa hamsini na sita. Walikuwa kumi na mmoja: Nsanzimana na mkewe, Paulin, wale wapagazi wawili, na majirani sita. Walitoka Kibumba kabla ya jua na kufika mwanzo wa njia kukiwa kumepambazuka. Hapo palikuwa na mlinzi wa pori, Mnande kutoka upande wa Butembo, aliyeitwa Sikuli. Alikuwa na bunduki ya zamani na kitabu kikubwa ambamo wageni waliandika majina kabla ya kupanda. Alimfahamu Nsanzimana kwa miaka.

"Mizigo yenu iko wapi?" akauliza.

"Leo hatuna mizigo."

"Bazungu benu bako nyuma?"

"Hakuna Bazungu."

Sikuli akavua kofia, akajikuna. "Sasa nyinyi ni nani?"

"Ni watu wanaopanda mulima."

"Batalii?"

Nsanzimana hakuwahi kulitumia neno lile kwa ajili yake mwenyewe. Aliwatazama wenzake, akamtazama Nyirakamana aliyekuwa amefunga kitenge mara mbili kiunoni kwa safari. "Ndiyo," akasema. "Batalii."

Sikuli alisoma karatasi ya masharti iliyobandikwa ukutani kwake, mstari kwa mstari, kidole kikifuata. Iliwakataza watu kukata kuni, kuchunga, kuwinda, kuwasha moto. Haikusema chochote kuhusu watu weusi wanaotaka kuangalia, kwa sababu hakuna aliyewahi kufikiri kwamba watataka. Akawapa kitabu. Waliojua kuandika waliwaandikia wasiojua. Chini ya majina ya daktari mmoja wa Brussels na mkewe yakaingia majina kumi na moja ya Kibumba, na kwenye nafasi ya kazi Nsanzimana aliandika kwa herufi kubwa: MKULIMA.

Walifika juu wote. Nyirakamana hapendi kueleza alichokiona. Anasema kila mtu aende mwenyewe.

Habari zilishuka mlimani haraka kuliko wao. Sikuli alipelekwa kituo kingine, mbali, kwa kosa la kutotumia akili. Wapagazi waliobaki kwa Delcourt nao walianza kuuliza swali. Anastase, yule mwoga wa watoto saba, ndiye aliyelipeleka: wenzangu wanasema wafike juu kwa zamu, au mizigo ibaki Kibati. Delcourt alikataa. Akaleta watu kutoka Rutshuru, watu wa Kiwanja, na baada ya safari mbili nao wakauliza lilelile. Ilipofika mwaka wa hamsini na saba, wapagazi walikuwa wanafika ukingoni, na mmoja tu alibaki vibandani kwa zamu. Delcourt aliacha kuwaambia wageni habari za roho.

Nsanzimana hakurudi kazini kwake kamwe, wala hakuombwa. Alilima viazi. Ila kila kiangazi watu walimfuata Kibumba: walimu, wauguzi, fundi cherehani, makarani wa Goma waliovaa viatu visivyofaa. Aliwapandisha bila kudai kitu, wakimletea sukari au sabuni alipokea. Aliwakataza jambo moja tu, kumwita kapita.

Mwaka wa hamsini na nane aliitwa ofisini Goma. Ofisa alikuwa na faili lenye jina lake. Akataka kujua kwa nini anakusanya watu mlimani, na anawafundisha nini huko juu ambako hakuna anayesikia.

"Siwafundishi kitu," Nsanzimana akajibu. "Banatazama benyewe."

"Wanatazama nini?"

"Bwana hajafika?"

Ofisa hakuwa amefika. Alimweka ndani siku tatu kwa jibu lile, kisha akamwachia, kwa kuwa faili halikuwa na kosa lenye jina.

Jumapili iliyofuata walipanda kumi na tisa. Mvua iliwanyea kuanzia msituni hadi juu, na ukungu ulikuwa umejaa shimoni hata mtu hakuona mkono wake. Walikaa ukingoni saa nzima, wamebanana, wakila viazi vya kuchemsha vilivyopoa, wakiusikiliza moto wasioweza kuuona. Karani mmoja akapendekeza washuke. Nsanzimana akamwambia ashuke anayetaka. Hakuna aliyenyanyuka.